Singa

Tunasema "nywele za singa" tukisifia nywele laini zilizonyooka, tukasahau kwamba singa pia ni nywele ndefu za shingoni na mkiani mwa farasi. Mtazame farasi wa Fjord wa Norwei. Mwili wake una rangi ya nyasi kavu, lakini singa zake ni za rangi mbili: katikati nyeusi, pembeni nyeupe. Wafugaji huzikata fupi zikasimama wima, zile nyeupe wakizipunguza zaidi ili mstari mweusi ujitokeze. Rangi hizo ni kazi nzuri ya jeni ya TBX3: hufifisha rangi ya mwili, ikauacha mweusi mstari unaopita mgongoni hadi mkiani. Wafasiri na watangazaji wenzangu, acheni "manyoya ya shingo", semeni singa.