Mbinu za kuchora vitu tuli kwa penseli na kuvitia vivuli

ANAYEJIFUNZA kuchora aghalabu hushindwa, si kwa sababu mkono wake ni mzito, bali kwa kuwa huchora anachokijua badala ya anachokiona. Anajua mdomo wa mtungi ni duara, basi hulichora duara kamili, ilhali kutoka ubavuni jicho huona duara lililobanwa. Uchoraji wa vitu tuli, yaani vitu visivyosogea kama mtungi, yai au limau, ndio unaolifunza jicho ukweli huo. Isitoshe, kwa mwanafunzi asiyemudu rangi na turubai, penseli na karatasi zinatosha.

Penseli huitwa pia kalamu ya risasi, ingawa haina risasi. Kiini chake ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, mbinu ambayo Nicolas-Jacques Conté wa Ufaransa alipata hataza yake mwaka wa 1795. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na alama yake hufifia. Hizo ni za H. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi. Hizo ni za B. HB iliyozoeleka shuleni iko katikati, na pekee haiwezi kutoa weusi mzito. Penseli za 2H, HB, 2B na 6B zinafaa kwa kazi hii.

Panga vitu viwili au vitatu mezani, vimulikwe na taa moja kutoka upande mmoja. Mwangaza wa pande mbili huvuruga vivuli, nao wa jua huhama. Keti mahali pamoja. Nyoosha mkono, fumba jicho moja na upime urefu na upana wa kila kitu kwa penseli, kisha chora mipaka hafifu kwa 2H.

Kabla ya kutia vivuli, chora visanduku vitano, kuanzia weupe wa karatasi hadi weusi wa mwisho. Halafu finya macho: mambo madogo yatatoweka, yabaki maeneo makubwa ya mwangaza na giza.

Tazama yai. Lina sehemu iliyomulikwa, kijivu kinachokolea polepole, kisha kivuli chake lenyewe. Karibu na ukingo wa upande wa giza kuna mwangaza hafifu unaoakisiwa na meza, nao kamwe haupiti ule wa upande uliomulikwa. Kivuli kinachoangukia meza huwa cheusi zaidi pale yai linapoigusa, kisha hufifia.

Tia weusi kwa tabaka, ukianza na hafifu, mistari ifuate umbo la kitu. Usisugue kwa kidole, kwani mafuta ya ngozi huacha madoa. Weka karatasi safi chini ya kiganja. Hatimaye, mstari wa mpaka usionekane tena: tofauti ya mwangaza na giza pekee ndiyo itenganishe yai na meza.