Rai ya Mtazamaji: Sinema Chini ya Milima ya Uluguru

Mtu atokaye kutazama sinema ni mara chache anyamaze. Njiani kurudi nyumbani husimulia, hukosoa, huapa kwamba kijana yule hakustahili kufa, na kwamba mzee yule alikuwa mjinga kumwamini nduguye. Maneno hayo huishia mlangoni, na asubuhi hayapo tena. Kwa sababu hiyo historia ya sinema katika Tanganyika, na baadaye Tanzania, imeandikwa zaidi kutokana na karatasi za watu waliotengeneza picha, waliozikagua na waliouza tiketi. Wale waliozitazama hawakuacha jalada. Morogoro ni mahali pazuri pa kulipima pengo hili, kwa kuwa katika uwanda ulio chini ya Milima ya Uluguru mkulima wa kawaida alitiwa ndani ya picha mapema sana, kabla mtu yeyote hajamwuliza aionaje picha yenyewe.

Mwaka 1935 lilianzishwa huko Vugiri, katika Milima ya Usambara, jaribio la kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika wa Afrika Mashariki na ya Kati. Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, na fedha nyingi zilitolewa na Shirika la Carnegie la New York. Kazi ya upigaji picha iliongozwa na Meja L. A. Notcutt, na ile ya elimu na G. C. Latham. Muda wa miaka miwili hivi, hata mwaka 1937, walitengeneza picha zipatazo 35, wakazisafisha wenyewe kulekule mlimani, wakazipakia katika lori pamoja na mtambo wa umeme, wakazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Palikuwa na picha ya safura, picha ya chai, picha ya kodi, picha ya kuweka akiba Posta. Sauti haikuwamo katika utepe wa picha. Ilirekodiwa katika sahani za santuri, ili picha moja ipate kusemeshwa Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Jambo hili la sauti kutengwa na picha yafaa likumbukwe, maana litarudi mbele.

Moja ya picha hizo ilipigwa Kingolwira, mwendo mfupi kutoka mji wa Morogoro, kando ya reli iliyofika mjini hapo kutoka Dar es Salaam mwaka 1907. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa “Mashamba ya Wakulima wa Kiafrika: Jaribio la Kingolwira”, na tarehe yake ni 1936. Jina hilo peke yake lina habari ya kutosha. Mkulima hajiiti Mwafrika akiwa shambani kwake, wala haliiti shamba lake jaribio. Anayesema hivyo ni mtu aliyesimama nje ya uzio, akimweleza mwenzake aliye mbali zaidi. Watu wa Kingolwira waliingia katika sinema kama mche uingiavyo katika bustani ya majaribio: hutazamwa, hupimwa, huandikwa.

Maoni ya watazamaji waliokutana na lori lile usiku, kwa makumi ya maelfu, hayakupuuzwa kabisa. Notcutt na Latham walichapisha kitabu mwaka 1937, na ndani yake walijitahidi kueleza picha zilipokewaje. Lakini waliotoa ushahidi huo walikuwa zaidi maofisa, wamisionari na walimu waliosimama kando ya umati wakausikiliza ukicheka. Kicheko kikachukuliwa kuwa jibu. Sasa kicheko ni jibu gumu kulisoma. Katika picha ya Posta wafanyakazi wawili walipata ujira wao. Mmoja akauficha ardhini ukaibiwa, mwenzake akauweka akiba. Mtazamaji aliyecheka mwizi alipofukua fedha huenda alimcheka mjinga, kama ilivyotakiwa. Huenda pia alimsifu mwizi kwa wepesi wake, au alicheka kwa kukumbuka shimo lake mwenyewe. Mtu mmoja tu ndiye ajuaye, naye hakuulizwa.

Katika miaka iliyofuata mafundi wa sinema za serikali, wakiongozwa na William Sellers wa kitengo cha filamu za makoloni kilichoundwa London mwaka 1939, walijenga imani kwamba macho ya Mwafrika hayajakomaa kwa sinema. Picha iende polepole, walisema. Isiruke kutoka jambo moja hata jingine. Isiwe na hila. Hadithi iliyopendwa sana kuthibitisha imani hiyo ni ile iliyosimuliwa na John Wilson, na kuenezwa duniani na Marshall McLuhan katika kitabu chake cha mwaka 1962. Katika kijiji kimoja cha Afrika watu walionyeshwa picha ya mkaguzi wa afya kuhusu kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa waliona nini walijibu: kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba mlikuwa na kuku, hata walipoikagua picha kipande kwa kipande wakamwona akipita pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi.

Hadithi hii imerudiwa mara nyingi kama dalili ya upungufu wa watazamaji. Lakini waliotengeneza picha hawakumwona kuku wao wenyewe, na wanakijiji wakamwona. Nani basi alikuwa na macho mabovu? Tena, yaliyoonyeshwa katika picha yalipangwa kwa ajili ya kamera. Kuku peke yake ndiye aliyekuwa na shughuli zake. Jibu la watu wale lilikuwa rai juu ya picha, tena rai kali.

Ubaya wa kutouliza hauishii katika sinema. Mwaka 1950 serikali ya Tanganyika ilianza mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Mvua kubwa katika miteremko mikali ilikuwa ikichukua udongo, na mito iteremkayo kutoka milimani, Ruvu ikiwa mmojawapo, ni uhai wa watu wengi wa pwani. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Dawa iliyoamriwa ilikuwa matuta ya ngazi, kazi nzito iliyolazimishwa kwa amri na faini. Waluguru walisema matuta yale yanafukia udongo mzuri na kutoa juu udongo usiozaa. Katika sehemu nyingi, ambako udongo wa rutuba ni tabaka jembamba tu, walikuwa wakisema kweli. Maneno yao yalichukuliwa kuwa ukaidi wa watu wasioelewa somo. Mwezi wa Julai 1955 palitokea ghasia Matombo, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Haitakiwi kusema kwamba sinema ilileta ghasia hizo, lakini fikira ya kwamba mtu wa mlimani ni mwanafunzi wa kuonyeshwa, na kwamba asemalo ni kelele tu, ni ileile iliyozunguka na lori la Vugiri.

Wakati huohuo mjini mlikuwa na watazamaji wa namna nyingine. Katika miji ya Tanganyika na Zanzibar wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi, walijenga nyumba za sinema, na Morogoro haikukosa yake. Mwenye nyumba ya sinema hakuwa na somo la kufundisha. Alitaka viti vijae, na kwa hiyo ilimpasa ajue watu wamependa nini. Shilingi ya mtazamaji ilikuwa kura yake, akaanza kutambulika kuwa hakimu. Pale ndipo lilipozaliwa lile neno la mitaani, stelingi, yaani mhusika mkuu, pamoja na ule ubishi usiokwisha kama stelingi aweza kufa.

Picha iliyotawala mabishano ya miaka ya 1950 ni Awara, ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951. Waliokuwa hawajui neno la Kihindi waliielewa, au tuseme waliielewa kwa namna yao. Hakimu mmoja amfukuza mkewe mja mzito kwa kumshuku. Mtoto azaliwa maskini, alelewa na mwovu katika wizi, hata asimama mahakamani mbele ya babaye. Picha yauliza: mtu hufanywa na damu au na malezi? Swali ni zuri, lakini linasimama juu ya desturi ya nchi ambayo mtoto ni wa baba. Katika Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno juu yake. Mluguru mwenye kuitazama Awara kwa haki ya mila yake angekuwa na swali ambalo Raj Kapoor hakulitarajia: wajomba wa mtoto huyu wako wapi? Mwanamke aliyefukuzwa angerudi kwao, mtoto angepata shamba kwa ukoo wake, na hakimu ndiye angebaki bila mtu. Kwa mtazamaji wa namna hiyo picha haimhusu mtoto asiye na baba. Inahusu watu wasio na ukoo, na hilo ndilo la kusikitisha ndani yake. Watengenezaji wa sinema za mafunzo hawakuwahi kupata mjadala wenye uzito kama huo kutokana na picha ya kodi.

Serikali nayo iliona kwamba watu wanapenda hadithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa picha za Kiswahili zenye kuchekesha, na katika Muhogo Mchungu aliigiza kijana mtumishi wa idara ya ustawi, Rashidi Kawawa, aliyezaliwa mwaka 1926 na kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Watazamaji waliokuwa wamemcheka katika kitambaa cheupe walipata baadaye kumpigia makofi jukwaani. Si nchi nyingi zenye bahati hiyo.

Nyumba za sinema zilipodhoofika katika miaka ya 1980 na 1990, video ikachukua nafasi. Kukatokea vibanda vya mitaani, ambavyo vijana waliviita kwa ucheshi vibanda umiza kwa sababu ya mabenchi na joto. Ndani yake picha za Hong Kong, India na Marekani zilifasiriwa kwa Kiswahili. Mfasiri aliyevuma kuliko wote ni Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye kanda zake zilisambaa mikoani. Wataalamu wa lugha wamezoea kuwabeza wafasiri hawa kwa kuongeza chumvi, na ni kweli waliongeza. Mfasiri humwita mhusika kwa jina la Kiswahili, humkanya, humcheka, humwonya kuwa adui yu nyuma ya mlango, na mara nyingine huisahau kabisa hadithi akaeleza jambo lake. Yeye ni mtazamaji aliyepewa kipaza sauti. Sauti imetengwa tena na picha, kama katika santuri za Vugiri, ila aliyeishika siye yuleyule.

Nakala ya picha ya Kingolwira imehifadhiwa Uingereza, katika hazina ya British Film Institute, miongoni mwa picha chache za jaribio lile zilizosalimika. Kingolwira yenyewe leo hujulikana zaidi kwa gereza na mashamba yake. Kama picha ile ingewekwa usiku mmoja katika kibanda cha Kihonda au Mji Mpya, na mfasiri akaachwa afanye kazi yake, asingeanza na neno jaribio. Angempa kila mkulima jina, akauliza ni wa ukoo gani, na watu wa benchi la nyuma wangemsahihisha.