Ufinyanzi: mafunzo ya kijamii Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Ufinyanzi ni kazi ya kuunda vyombo kwa udongo na kuvichoma motoni. Katika Nakuru na nchi inayozunguka maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Naivasha, kazi hii imefundishwa nje ya darasa kwa muda mrefu kuliko ndani yake: nyumbani, katika vikundi vya akina mama na vijana, na kwenye makumbusho.

Asili ya kale

Eneo hili ni miongoni mwa hazina kubwa za vyungu vya kale katika Afrika Mashariki, na mitindo kadhaa imepewa majina ya sehemu zake. Vyombo vya Nderit, vinavyoitwa kwa jina la mto unaoingia Ziwa Nakuru kutoka kusini, vimejaa alama zilizobanwa karibu karibu mithili ya kikapu kilichosukwa. Vingine vimechorwachorwa hata upande wa ndani. Vyombo vya Elmenteita havina nakshi nyingi. Vyungu vya Lanet, vya karne za baadaye, vilipambwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi.

Mwaka 1938 wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba pango la Mto Njoro, ambamo wafugaji wa takriban miaka 3,000 iliyopita walichoma na kuhifadhi maiti za watu wapatao 80, pamoja na bakuli za mawe, shanga na vibuyu.

Kituo kinachojulikana zaidi ni Hyrax Hill, kilima cha pimbi kilicho nje kidogo ya katikati ya jiji la Nakuru. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938. Katika makaburi ya wafugaji wa kale, wanawake walizikwa na sinia na bakuli za mawe, wanaume bila vyombo hivyo. Palipatikana pia mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa enzi za baadaye, yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe. Kilima kilitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 1943, na nyumba ya shamba iliyokuwa hapo ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1965. Wanafunzi wanaozuru kituo hiki huona kwa macho yao kwamba vigae vilivyookotwa katika ardhi ya kwao ni kazi ya mikono yenye ustadi mkubwa.

Mafunzo ya nyumbani

Waogiek wa msitu wa Mau, wanaojulikana zaidi kwa asali, walikuwa pia na ufinyanzi wao, ulioelezwa na mtafiti Roderic Blackburn katika makala ya mwaka 1973. Vyungu vilifinyangwa na wanawake.

Methali husema uwahi udongo ungali maji, lakini si kila mfinyanzi huanza utotoni. Miongoni mwa Waluo wa Nyanza, ambao wengi wao wamehamia Nakuru, watafiti Ingrid Herbich na Michael Dietler waliona kuwa mwanamke aghalabu hujifunza baada ya kuolewa, chini ya mama mkwe wake. Kwa hiyo chungu chake hufuata mtindo wa boma alikoolewa, si wa kwao alikozaliwa.

Shuleni

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliingiza sanaa na kazi za mikono katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mapema miaka ya 2000 somo hilo liliondolewa kwenye mtihani, na katika shule nyingi vipindi vyake vikamezwa na hesabu na lugha. Hasara ilikuwa kubwa, kwani mtoto asiye na mfinyanzi nyumbani hakubakiwa na mahali pa kujifunzia shuleni. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umerudisha ufinyanzi: mwanafunzi hufinya donge, huzungusha kamba za udongo au huunganisha mabamba.

Vikundi vya kijamii

Darasa la kikundi hufuata kazi yenyewe. Udongo huchimbwa kandokando ya mto, hukaushwa, hutwangwa, huchekechwa, hulowekwa na kukandwa hadi hewa itoke. Vigae vilivyosagwa au mchanga huchanganywa ili chombo kisipasuke. Chungu kilichoundwa hukaushwa kivulini polepole, hasa Januari na Februari ambapo upepo mkavu hukitia nyufa. Kisha huchomwa kwa kuni, nyasi au samadi kavu. Tanuri si lazima; kinachohitajika ni mtu anayejua kusoma rangi ya moto, na ujuzi huo hauandikiki ubaoni.

Msukumo mkubwa wa kiuchumi ulitokana na jiko la makaa la Kenya Ceramic Jiko, lililoenea tangu miaka ya 1980. Ndani ya bati lake kuna kikombe cha udongo kinachotunza joto, na utengenezaji wake umewapa wafinyanzi wengi nchini soko la kudumu.

Mfano bora wa thamani ya kujifunza kwa kuketi na wafinyanzi ni msanii wa vyombo vya udongo Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950. Alisomea sanaa Uingereza, lakini alikwenda pia Abuja, Nigeria, kuketi na wanawake wafinyanzi. Vyombo vyake, vinavyojengwa kwa mkono bila gurudumu, vimo katika makumbusho makubwa ya dunia.

Hali ya sasa

Sufuria na plastiki vimechukua nafasi ya chungu jikoni. Hata hivyo, vyungu vya maua na majiko bado vinauzwa.