Kusenya, Kutema, Kuchanja: Historia Fupi ya Kuni na Makaa katika Mji wa Bukavu

Kiswahili kimeijalia kazi ya kuni vitenzi vingi kuliko inavyodhaniwa. Kusenya ni kukusanya matawi makavu yaliyokwisha kuanguka. Kutema ni kukata kwa panga au shoka tawi au mti ambao ungali umesimama. Kuchanja ni kulipasua gogo kwa urefu wake ili zipatikane kuni zinazoweza kushika moto. Vitenzi hivi vitatu havitofautiani kwa chombo tu. Vinatofautiana pia kwa mtu anayeifanya kazi, kwa hali ya msitu anaoufanyia kazi hiyo, na kwa umbali uliopo baina ya msitu na jiko. Katika mji wa Bukavu, ulioko kwenye ncha ya kusini ya ziwa Kivu, vyote vitatu vimefuatana katika muda wa karne moja na ushei, kisha kikaja cha nne, kuchoma, kikavifunika. Mara nyingi mfuatano huo huelezwa kana kwamba ni historia ya zana: shoka, kisha msumeno, kisha mashine. Hoja ya makala haya ni tofauti. Zana zilibadilisha namna ya kuukata mti, lakini kilichoamua mji uwashe nini si chombo cha kukatia bali ni mgongo wa kubebea.

Neno lenyewe la makala linahitaji ufafanuzi. Msomaji wa pwani akiambiwa kwamba mama mmoja wa Kadutu amenunua kopo la makala atashangaa, kwani kwake makala ni maandishi ya namna hii. Katika Kiswahili cha Bukavu, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Kongo, makala ni makaa, na neno hilo linatumika vivyo hivyo katika Kilingala. Gereza kuu la Kinshasa linajulikana kwa jina hilo, na mradi wa kupanda miti ya makaa ulioanzishwa mwaka 2007 katika Kivu ya Kaskazini na shirika la WWF uliitwa EcoMakala. Hakuna aliyelazimika kuutafsiri.

Kituo cha Kibelgiji kilichozaa mji huu kilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1927 kikapewa jina la Costermansville, jina lililodumu hadi lile la Bukavu liliporejeshwa katika miaka ya 1950. Mji uko juu ya mita 1,450 kutoka usawa wa bahari. Usiku ni wa baridi, na moto haukuwa wa kupikia tu. Aidha, mji wa kikoloni ni mji wa matofali, na tofali la kuchoma hula kuni nyingi kabla nyumba haijasimama. Kwa hiyo hata kabla ya wakazi wa Kadutu na Bagira kuwa wengi, mahitaji ya kuni yalikuwa yamekwisha kupita yale ambayo kusenya kungeweza kuyatosheleza. Matawi yanayoanguka yenyewe hulisha kijiji, hayalishi mji.

Wakati huohuo ardhi ilikuwa ikipungua mikononi mwa Bashi, wenyeji wa nyanda za juu zinazouzunguka mji. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa madaraka makubwa ya kugawa ardhi, na walowezi wakajipatia mashamba ya kahawa, chai na mkwinini. Mwaka 1937 msitu wa mlima Kahuzi ukatangazwa kuwa hifadhi. Mashamba upande mmoja na hifadhi upande mwingine, mwanakijiji akabaki katikati. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa mkaratusi, mti wa Australia unaokua upesi na kuchipua tena baada ya kukatwa, na hadi leo vilima vya Kabare na Walungu vimejaa vichaka vyake.

Lakini kupanda mti si jambo la mbegu na mvua pekee. Katika mila ya Bushi kulikuwa na mikataba mbalimbali ya ardhi, na miwili kati yake inahusika hapa. Kalinzi ilimpa mtu haki ya kudumu na ya kurithisha, baada ya kutoa ng'ombe au kitu cha thamani yake kwa mwenye nchi. Bwasa ilikuwa kukodi kwa muda mfupi, na mkodishwaji hakuruhusiwa kupanda mmea wa kudumu, kwa kuwa mti uliosimama ni dai la ardhi. Matokeo yake yako wazi. Mwenye kalinzi aliweza kuwa na mikaratusi yake, akaitema na kuiuza. Mtu wa bwasa, ambaye mara nyingi ndiye maskini zaidi, alilima maharagwe na mihogo katika shamba ambalo halingeweza kumpa hata ukuni mmoja. Huyo ndiye aliyeelekea msituni.

Sasa tuzitazame zana. Shoka ni chombo kizuri cha kuchanjia na kibaya cha kukatia. Anayetaka kulikata kwa shoka gogo lenye unene wa sentimita 30 hana budi kulifungulia pengo pana, la upana wa kiganja au zaidi, na mti wote uliokuwa mahali pa pengo hilo huruka na kuwa vibanzi. Gogo likikatwa vipande vya urefu wa jiko, hasara hiyo hurudiwa kwenye kila kipande, na vibanzi hubaki porini. Msumeno wa watu wawili, ule ambao mmoja huvuta huku mwenzake akiachia, hupita na kuacha njia isiyofikia sentimita moja. Sharti lake ni utunzaji. Meno yapindwe moja huku na jingine kule, la sivyo bapa hubanwa na mti. Yanolewe kwa tupa mara kwa mara. Na mkato ukishakuwa mrefu ichomekwe kabari nyuma ya bapa ili mdomo usifumbe. Katika Kivu stadi hiyo ilikuwa zaidi ya wapasua mbao, waliokuwa wakiingia misitu ya Bunyakiri na Walikale kutafuta mbao za ujenzi. Mwuza kuni hakununua msumeno. Alikuwa na panga, na mwenye bahati alikuwa na shoka.

Kuchanja kuna maana kubwa kuliko inavyoonekana. Mti uliokatwa leo hukaribia kuwa na nusu ya uzito wake maji. Gome huyazuia maji hayo yasitoke, hivyo gogo zima laweza kulala miezi mingi likiwa bichi ndani, ilhali gogo hilohilo likichanjwa vipande vinne hukauka upesi zaidi, hasa likipangwa juu ya vijiti mahali penye upepo na kufunikwa lisipigwe na mvua. Kuni mbichi hutumia sehemu ya joto lake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake, na kinachobakia hutoka kama moshi unaomchoma macho mpishi. Mkaratusi huchanjika vizuri ungali mbichi. Ukishakauka nyuzi zake zilizojisokota hulishika shoka lisitoke. Mafundi wa kuchanja hawaanzii katikati. Hutafuta ufa uliojitokeza kwenye kichwa cha gogo, huupigia kabari, na kulikwepa fundo. Kwingineko duniani kazi hiyo imekabidhiwa mashine ambayo injini yake huisukuma kabari kwa nguvu za mafuta. Bukavu mashine ya namna hiyo haikuwa na nafasi, na sababu si ugeni wake. Petroli ilikuwa ghali kuliko jasho.

Hapo ndipo jambo la mgongo linapoingia. Kwa muda mrefu barabara za Bukavu zimejulikana kwa wanawake wanaopanda na kushuka vilima wakiwa wameinama, mzigo mgongoni, mshipi wake umepita kwenye paji la uso. Hubeba mihogo, matofali, mchanga, kuni, makaa. Anayetoka Kabare au Nyangezi hulipwa kwa kile alichofikisha sokoni, si kwa kile alichokiacha msituni. Kilo moja ya kuni iliyokauka kwa upepo ina joto la megajuli 15 hivi. Kilo moja ya makaa ina zaidi kidogo ya 29. Kwa mgongo uleule, njia ileile na miguu ileile, mchukuzi wa makaa huuingizia mji moto karibu maradufu. Tena makaa hayaozi upesi, hayatoi moshi mwingi, na hupimika kwa kopo katika nyumba ya chumba kimoja ambayo haina ua wa kuanikia kuni.

Kwa upande wa msitu hesabu hugeuka. Tanuu la udongo, yaani rundo la magogo lililofunikwa kwa majani na udongo na kuachiwa matundu machache ya hewa, hutoa makaa ya uzito wa asilimia 10 hadi 20 ya mti mkavu uliowekwa. Tuchukue 15. Kilo 100 za kuni zenye megajuli 1,500 hutoa kilo 15 za makaa zenye megajuli 435. Zaidi ya theluthi mbili ya joto imekwisha kupotea porini kabla sufuria halijatengwa. Ni kweli kwamba mbabula ya makaa hulitunza joto kuliko mafiga matatu, na sehemu ya hasara hurudishwa jikoni. Hairudishwi yote. Tanuu lenye bomba la kutolea moshi, lililobuniwa Casamance nchini Senegali, huweza kuongeza mavuno kwa kiasi kikubwa, lakini hudai magogo yaliyokauka na kupangwa vizuri. Mchoma makaa anayejificha hana miezi ya kungoja. Huchoma mti mbichi, usiku, kwa haraka, na ndiye anayepoteza zaidi. Katazo linalomlazimisha kujificha humfanya pia aukate mti wa pili kwa sababu ya ule wa kwanza.

Msumeno wa injini ulipatikana katika hali hiyo. Andreas Stihl wa Ujerumani alitengeneza wa umeme mwaka 1926 na wa petroli mwaka 1929, nao ule unaoshikwa na mtu mmoja ukaenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ni chombo cha ajabu: mti wa saa nyingi huanguka kwa dakika chache. Hata hivyo ulipunguza gharama ya hatua ambayo tayari ilikuwa rahisi. Haukumpunguzia mchukuzi hata kilo moja, wala haukuongeza chochote katika mavuno ya tanuu. Ulichofupisha ni muda wa msitu.

Msitu wenyewe ulikwisha kuwa na wadai wengi. Mwaka 1970 hifadhi ya Kahuzi ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kilomita za mraba 6,000 kwa ajili ya sokwe wakubwa wa Kivu, na mwaka 1980 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Batwa waliokuwa wakiishi humo walitolewa bila kupewa ardhi nyingine. Watu ambao walikuwa wakisenya katika msitu wao wakawa vibarua wa kutema katika mashamba ya wengine. Mwaka 1994 wakimbizi kwa malaki waliingia kutoka Rwanda, na kambi kubwa za Inera na Kashusha zikawekwa kando ya barabara ya Kavumu, jirani na mpaka wa hifadhi. Maharagwe ya msaada huiva kwa saa nyingi. Moto wake ulitoka vilimani. Kambi hizo zilivunjwa na vita vya 1996, na mwaka uliofuata hifadhi iliwekwa miongoni mwa urithi ulio hatarini. Mnamo mwaka 2018 baadhi ya Batwa walirudi msituni kwa nguvu, na mapigano na walinzi yakafuata. Walilaumiwa kwa kuchoma makaa, na makaa yalichomwa kweli, ingawa walioyanunua na kuyasafirisha hawakuwa Batwa peke yao, wala walioyapikia hawakuwa Batwa kabisa. Mwaka 2024 ilichapishwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyosema kwamba haki zao zilivunjwa.

Kuna jambo moja ambalo mgeni wa Bukavu huliuliza mapema, na ni haki yake. Mto Ruzizi unatoka ziwani mjini hapohapo. Bwawa la kwanza la umeme lilijengwa juu yake mwishoni mwa miaka ya 1950, na la pili, mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, likaanza kazi mwaka 1989. Mabwawa hayo yalikusudiwa miji na viwanda vya nchi tatu, nao mji umepita watu milioni moja tangu hapo. Wenye umeme nyumbani huutumia kwa taa na redio, na huweka mbabula karibu kwa sababu umeme hukatika. Mnunuzi sokoni Kadutu hana haja ya kuelezwa hesabu ya megajuli. Hugonganisha vipande viwili vya makaa karibu na sikio. Vikilia kama chuma, vimeiva, na vikitoa sauti butu huvirudisha kwenye rundo. Mwuzaji naye, aliyevipandisha kilima asubuhi, hukipima kila kipande kinachorudishwa kwa jicho la mtu anayejua kilivyokuwa kizito.