Mtoto Asiyesikia: Tusingoje Hadi Achelewe Kusema

Mtoto akichelewa kusema, jibu la nyumbani huwa, "Mwacheni, hata babake alichelewa." Huenda ni kweli. Huenda pia mtoto hasikii, na kila mwezi unaopita unampunguzia nafasi ya kupata lugha.

Kusikia huanza tumboni. Mimba ikifika miezi sita hivi, sikio la ndani huwa limeanza kupokea sauti, na mtoto huzaliwa akiijua sauti ya mamake. Humo sikioni mna kijumba kilichojizungusha kama konokono, chenye seli zipatazo 15,000 zenye vinywele vidogo mno. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya kwenda kwenye ubongo. Kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Kuku huziotesha upya, na wataalamu wangali wanaitafuta siri hiyo.

Ubongo nao hujifunza kusikia mapema. Mwaka 1998, Christine Yoshinaga-Itano na wenzake, huko Colorado, Marekani, walionyesha kuwa watoto waliotambuliwa kabla ya miezi sita kwamba hawasikii vizuri walikuwa na lugha bora kuliko waliotambuliwa baadaye. Ndiyo maana wataalamu hushauri mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya mitatu, na msaada uanze kabla ya sita.

Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 60 ya uziwi wa watoto ungeweza kuzuiwa. Miongoni mwa sababu ni rubela kwa mama mjamzito, surua, homa ya uti wa mgongo, umanjano mkali wa mtoto mchanga, dawa kama jentamisini, na usaha wa sikio usiotibiwa. Kenya hutoa chanjo ya surua na rubela pamoja tangu 2016. Sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta ya nazi wala maziwa ya mama. Mtoto apelekwe kituo cha afya.

Dalili za kuangalia:

- Mtoto mchanga hashtuki kwa kishindo.
- Akifika miezi sita, hageukii sauti.
- Akifika mwaka, haitikii jina lake.

Tusidanganywe na kubwabwaja, kwani hata mtoto kiziwi hutoa sauti miezi ya mwanzo.

Mwaka 2024, madaktari wa China walitangaza kuwa watoto watano kati ya sita waliozaliwa na hitilafu ya jeni iitwayo OTOF walianza kusikia baada ya kutiwa jeni nzima sikioni. Tiba hiyo ni ya aina moja tu ya uziwi. Kwa wengine kuna vifaa vya kusikilizia, na kuna Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 imeifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mtoto kiziwi akifunzwa ishara mapema hukua na lugha kamili. Kinachomkosesha ni sisi kungoja.