Mwashi

Mjini Nyeri, mtu wa kujenga kwa mawe huitwa fundi, basi. Wa mabomba ni fundi, wa cherehani ni fundi. Lakini Kiswahili kina jina hasa la huyo wa mawe: mwashi. Limetoka kwenye kitenzi kuaka, yaani kujenga kwa mawe, kama pika ilivyozaa mpishi na andika ikazaa mwandishi. Kazi yake ni uashi. Kitenzi chenyewe karibu kimetutoka midomoni, na nasikitika, kwa sababu namna ya kushika mwiko inaondoka nacho.

Tazama ukuta wa mawe wa zamani uliozibwa kwa saruji. Saruji ni ngumu mno, haipitishi unyevu. Maji ya mvua yakikosa njia hutokea usoni mwa jiwe, nalo likaanza kubanduka magamba. Anayejifunza uashi huanzia hapo: kukwangua saruji kwa patasi ndogo, polepole asije akaumiza kingo za jiwe, kufagia vumbi, kulowesha, kisha kushindilia chokaa iliyozimwa na mchanga, kidogo kidogo. Ubaoni hayafundishiki haya. Kiganja ndicho kinachojua chokaa imeshika au bado.

Zanzibar, Zahanati ya Kale ya Mji Mkongwe ilipokarabatiwa miaka ya 1990, mafundi walifunzwa hivyo hivyo, ukutani. Na vyuo vya ufundi vya VETA, Tanzania, vingali vinaita somo hilo uashi. Natamani kuliona neno hilo kwenye vyuo vyetu vya ufundi hapa Nyeri, na vijana wakipelekwa kwenye kuta zenyewe, mwiko mkononi.