Quitunda: haki ya ardhi na ya jengo

Quitunda ni kijiji cha wilaya ya Palma, Cabo Delgado, Msumbiji, kilichojengwa kwenye rasi ya Afungi kwa ajili ya familia zilizopisha mradi wa gesi. Za kwanza zilihamia mwaka 2019. Katiba ya Msumbiji inaiweka ardhi mikononi mwa dola: haiuzwi wala haiwekwi rehani. Kinachouzwa au kupangishwa ni jengo. Mwenye duka au nyumba ana kuta na paa. Kiwanja ana haki ya kukitumia tu, iitwayo DUAT.

Wapo wanaodai kwamba, ardhi ikiwa ya dola, aliyehamishwa amepoteza nyumba tu, naye kapewa nyingine, tena ya matofali ya saruji. Nyumba ni nzuri, lakini hoja haisimami. Sheria ya Ardhi namba 19 ya 1997 inaitambua haki ya aliyekalia ardhi kwa mila, hata asipokuwa na hati, na haki hiyo hurithiwa. Mvuvi wa pwani alikuwa nayo. Hata akipangisha chumba cha nyumba mpya, kodi yake haimrudishii ufuko wa kuanikia nyavu na dagaa. Kanuni za uhamishaji za mwaka 2012 zenyewe zinadai maisha yarejee yalivyokuwa au yawe bora zaidi.